Ukienda Machakos, beba redio yako mbovu

HEBU msomaji mpenzi, inuka kidogo uchungulie chini ya kitanda, au juu ya kabati la jikoni. Huenda usikose redio iliyonyamaza tangu mwaka juzi, tochi isiyowaka, au taa ya sola ambayo watoto waliiangusha na haikuamka tena. Vitu hivi havitupwi wala havitumiwi. Vinangoja tu.

Vinangoja nini? Mara nyingi vinangoja tone moja la risasi. Si risasi ya bunduki, la hasha! Ni ile risasi laini ambayo fundi huiyeyusha ili kushikanisha waya na waya. Waya mmoja mwembamba kama unywele huchomoka mahali pake, na chombo kizima huhesabiwa kuwa kimekufa. Mwenyewe hununua kingine, na fedha zilizotengewa unga au karo huenda hapo.

Ndiyo sababu leo nakualika tusafiri pamoja hadi Machakos. Picha za kupiga zipo na chakula kipo, lakini safari hii ina jambo lake. Nataka urudi nyumbani ukijua kazi nne ndogo za umeme ambazo wewe na watoto wako mnaweza kuzifanya mezani, hata kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu maishani mwako. Na kwa nini Machakos? Subiri kidogo, utaona.

Safari yenyewe

Kutoka Nairobi hadi mji wa Machakos ni kama kilomita 63. Utafuata barabara kuu ya Mombasa, uupite Athi River na viwanda vyake vya saruji, kisha mbuga zifunguke pande zote mbili. Ukifika makutano ya Kyumvi, pinda kushoto. Wale wanaoendelea mbele watafika Konza, ambako Januari 2013 serikali ilizindua ujenzi wa mji mpya wa teknolojia. Wewe waache waende. Hata teknolojia ya Konza, ukiifungua ndani, utaikuta imeshikiliwa na matone madogo ya risasi kama yale tunayokwenda kujifunza.

Baada ya makutano, vilima vya Mua vitakuwa upande wako wa kushoto, na mbele yako utaviona vilima vya Iveti vikiukumbatia mji. Tazama vizuri miteremko yake. Utaona ngazi za udongo zimechongwa moja juu ya nyingine kutoka chini hadi karibu na kilele. Ngazi hizo zina hadithi yake.

Katika miaka ya 1930, maofisa wa serikali ya mkoloni waliitazama ardhi hii wakaona imekwisha. Udongo ulikuwa ukisombwa na mvua, na mabonde yalikuwa yamepasuka kama kidonda. Lakini wenyeji hawakuhama. Walichukua majembe, wakajikusanya katika vikundi vyao vya kusaidiana viitwavyo mwethya, wakachimba matuta mwaka baada ya mwaka. Mnamo 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha jambo lililowashangaza wengi. Watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka hiyo ya 1930, na bado ardhi yao ilikuwa ikitunzwa vizuri kuliko zamani.

Kwa maneno mengine, hapa ni kwa watu wasiokubali upesi kwamba kitu kimekufa. Je, si mahali pazuri pa kwenda na redio mbovu?

Mji uliopitwa na reli

Mji wenyewe una umri mkubwa kuliko Nairobi. Jina lake latokana na Masaku, mzee wa Kikamba aliyesifika kwa utabiri. Kampuni ya Kiingereza iliyotangulia serikali ya mkoloni ilijenga kituo chake hapa mnamo 1889, wakati Nairobi ilikuwa kinamasi na malisho ya Wamaasai tu. Reli ilipokuja kutoka Mombasa ilipita huko chini kwenye mbuga, ikafika Nairobi mnamo 1899, na makao ya utawala yakahamishwa kuifuata. Machakos ikabaki na vilima vyake.

Ukishuka garini, usiwe na haraka. Pita soko la Marikiti uone maembe, pojo na mbaazi kwa msimu wake. Ingia katika mkahawa uagize muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe. Ukishashiba, anza kutembea polepole kwenye baraza za maduka, ukitafuta meza ndogo iliyojaa nyaya.

Waya ni jambo la zamani hapa. Kabla redio haijazuliwa, wahunzi wa Ukambani walikuwa wakivuta chuma, shaba nyekundu na shaba nyeupe hadi ziwe nyaya nyembamba, kisha wakizisuka kuwa mikufu myembamba ya kupendeza. Viti vyao vya mbao vya miguu mitatu vilitiwa mapambo ya waya juu ya kikalio, ukipigiliwa kwa uangalifu hadi ukatoa maua na duara. Viti hivyo leo vimo katika majumba ya makumbusho, humu nchini na ng'ambo. Kazi kama hiyo haitaki nguvu za fahali. Inataka mkono uliotulia na jicho linaloona mambo madogo. Kulehemu kunataka hayo hayo.

Tena ukiifuata barabara ya Kitui utafika Wamunyu, kwenye wachongaji wa vinyago. Inasimuliwa kwamba ufundi huo ulianzishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alirudi, akachonga, majirani wakamtazama, wakaiga. Leo vinyago vya Wakamba vinajulikana duniani kote. Mtu mmoja aliyejua, na wengine waliotazama: ndivyo ufundi unavyosambaa.

Kaa kando ya fundi

Kwa hiyo ukiipata ile meza ya fundi wa redio na simu, usitupe tu redio yako hapo na kuuliza utairudia saa ngapi. Salimia kwanza. Ukimwamkia kwa Kikamba, "Uvoo waku?", naye akajibu "Nesa", mambo yatakuwa yamelainika. Mwambie kwamba ungependa kutazama anavyofanya. Ukiona ana wateja wengi, kaa kimya na utazame mikono yake.

Utamwona ameshika chuma chenye mpini wa plastiki na ncha kama ya penseli. Mkono wa pili umeshika waya wa risasi uliokunjwa kunjwa. Chuma kinagusa, risasi inagusa, moshi mwembamba unapanda, na kazi imekwisha. Inachukua sekunde tatu hivi. Mtu asiyejua ataona ni rahisi. Na kweli ni rahisi, ila kuna siri moja ambayo wanagenzi wengi hawaambiwi.

Siri ni hii: usiyeyushe risasi kwenye chuma kisha uipake juu ya waya kama unayepaka siagi kwenye mkate. Tumia chuma kupasha moto vile vitu viwili vinavyoungana, vyote kwa pamoja, kwa sekunde moja au mbili. Kisha gusisha risasi kwenye vitu hivyo. Vikiwa vimepata moto wa kutosha, vyenyewe vitaiyeyusha risasi na kuinywa. Ondoa risasi, halafu ondoa chuma, wala usitikise wala kupuliza mpaka igande.

Kiungo kizuri hung'aa na hutambaa kwa mteremko, kama kilima cha Iveti kinavyoshuka hadi bondeni. Kiungo kibaya hukaa kama tone la uji lililoanguka juu ya meza, duara na lenye rangi ya ukungu. Mafundi hukiita kiungo baridi. Kitashika leo, na kesho ukiipiga redio kofi itanyamaza. Wengi wetu tuna redio za kupigwa makofi nyumbani. Sasa unajua ugonjwa wao.

Vifaa vya kuanzia

Huhitaji karakana. Nunua chuma cha kulehemu cha wati 30 au 40, kigari chake cha kukishikilia kisiunguze meza, na waya wa risasi wenye dawa ndani yake. Dawa hiyo hutengenezwa kwa utomvu wa msonobari na kazi yake ni kusafisha shaba ili risasi ishike. Ongeza koleo ndogo, kisu au mkasi wa kumenya waya, na sifongo iliyoloweshwa maji kwa kupangusia ncha ya chuma. Mita ya kupimia umeme ni ya muhimu pia, nayo ndogo si ghali. Vifaa hivi utavipata mjini Machakos, na usipovipata, barabara ya Luthuli jijini Nairobi imejaa maduka yake. Uliza bei katika maduka matatu kabla ya kufungua mkoba.

Risasi ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi halisi, sehemu 60 kwa 40, nayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 190 hivi. Iko pia isiyo na risasi halisi ndani, ambayo huhitaji moto zaidi, kama nyuzi 220 na kuendelea. Mkiwa na watoto mezani, hiyo ya pili ni bora kwa afya, ingawa inahitaji subira kidogo.

Kazi ya kwanza: sanduku la waya

Usianze na umeme. Anza na waya mtupu, kama wale wahunzi wa zamani. Chukua waya wa shaba, umenye, ukate vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja urefu wa kidole. Sasa viunganishe kwa risasi mpaka upate umbo la sanduku: vinne chini, vinne juu, vinne vya kusimama. Litakuwa na pembe nane, na kila pembe hukutana nyaya tatu.

Ukimaliza, liangushe sanduku hilo sakafuni. Likivunjika pembe, kiungo hicho kilikuwa baridi. Kirudie. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayesimamiwa na mtu mzima ataweza kazi hii kwa alasiri moja, na sanduku la tatu litakuwa zuri kuliko la kwanza. Hapa hakuna cha kuharibu ila waya wa bure.

Kazi ya pili: taa na mlinzi wake

Sasa tuingize umeme, lakini ule wa betri tu. Tafuta ile taa ndogo iitwayo LED, nyekundu, ambayo inapatikana hata kwenye vifaa vibovu. Chukua betri mbili za tochi. Kila moja ina volti 1.5, kwa hiyo zote ni volti 3. LED nyekundu hutumia volti 2 hivi. Je, ile volti 1 iliyobaki itakwenda wapi? Ukiiachilia, itasukuma umeme mwingi kupita kiasi na taa itaungua. Lazima pawe na mlinzi mlangoni, naye huitwa rezista.

Hesabu yake ni ya darasani. Mjerumani Georg Ohm aliichapisha mnamo 1827: gawa volti kwa omu upate ampea. Rezista ya omu 100 ikipewa ile volti 1 itapitisha ampea 0.01, yaani miliampea 10. Hicho ni kipimo kizuri kwa LED. Rezista ya omu 100 utaitambua kwa mistari yake: kahawia, nyeusi, kahawia. Mstari wa nne huonyesha usahihi wake.

Unganisha hivi: kutoka kichwa cha betri hadi rezista, kutoka rezista hadi mguu mrefu wa LED, kutoka mguu mfupi kurudi mkiani mwa betri. Umepata saketi, yaani njia ya umeme inayokwenda na kurudi bila kukatika. Ikikatika popote, taa huzimika. Tia swichi katikati, ifunge ndani ya kopo, na tayari una taa ya kumulika tundu la ufunguo usiku.

Kazi ya tatu: taa mbili zinazopokezana

Hii ndiyo inayowafurahisha watoto. Ina vipande kumi: transista mbili za aina ya BC547, kapasita mbili za mikrofaradi 22, rezista mbili za omu 47,000, rezista mbili za omu 330, na LED mbili. Betri ni tatu za tochi, yaani volti 4.5.

Transista ni mlango unaofunguliwa na umeme. Umeme kidogo ukiingia katika mguu wake wa katikati, umeme mwingi huruhusiwa kupita katika miguu mingine miwili. Ilizuliwa huko Marekani mwishoni mwa 1947. Kapasita nayo ni kama debe: hujaa umeme kisha humwaga. Weka LED moja na rezista yake ya 330 juu ya kila transista. Kisha kapasita ya kila upande itoke pale LED inapokutana na transista, ivuke hadi mguu wa katikati wa transista ya pili. Zile rezista kubwa mbili hutoka upande wa chanya wa betri na kuleta umeme kidogo kidogo kwenye miguu hiyo ya katikati. Miguu iliyobaki ya transista hurudi upande wa hasi.

Kitakachotokea ni kwamba debe la kushoto likijaa, mlango wa kulia hufunguka na wa kushoto hufungwa. Kisha la kulia nalo likijaa, mambo hugeuka. Kila taa itawaka kwa karibu theluthi mbili za sekunde kabla ya kumpisha mwenzake. Ukitumia kapasita kubwa, zitapokezana polepole. Mtoto atakayeuliza ni kwa nini, mjibu kwa mfano wa debe kubwa na debe dogo chini ya bomba moja.

Macho hudanganya

Kabla ya kazi ya nne, toka nje ya mji kidogo uone Kyamwilu, kwenye kilima cha Kituluni. Hapa ndipo penye ile sehemu ya barabara ambapo gari likizimwa injini huonekana likipanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa huonekana yakikimbilia juu. Wenyeji wana masimulizi yao ya kale kuhusu mahali hapa, na vijana watakaokupokea watakusimulia wakikumwagia maji uone.

Sehemu kama hii ziko pia katika nchi nyingine, na wanaozichunguza hueleza kwamba barabara kwa kweli inateremka. Vilima na miti ya kando ndiyo inayolichanganya jicho, hata mteremko ukaonekana kama mwinuko. Jicho ni shahidi mzuri, lakini si wa kuaminiwa peke yake.

Funzo la Kyamwilu ni la fundi pia. Kiungo kinaweza kung'aa na bado kisipitishe umeme. Usikisifu kwa macho. Chukua mita yako, uiweke kwenye alama ya mlio, uguse upande huu na upande ule. Ikilia, njia ipo. Ikinyamaza, rudia kiungo chako hata kama kilikuwa kinapendeza.

Kazi ya nne: king'ora cha tangi

Sasa tufike kwenye kazi itakayomfanya mama wa nyumba aache kuuliza mbona meza yake imejaa takataka. Ukambani mvua huja kwa misimu miwili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba. Katikati yake, kila debe la maji lina thamani. Watu huvuna maji ya paa, au hufungulia bomba siku ya zamu yao usiku, kisha usingizi huwachukua. Asubuhi hukuta maji yamefurika na kwenda bondeni.

King'ora hiki kitakuamsha. Unahitaji transista mbili za BC547, rezista moja ya omu 10,000, king'ora kidogo cha betri cha volti 5 au 6, na betri nne za tochi, yaani volti 6. Nyaya mbili ndefu zitakwenda juu ya tangi na kuning'inia pale unapotaka maji yaishie, zikiachana kwa upana wa kidole.

Waya wa kwanza unatoka chanya ya betri kupitia ile rezista. Waya wa pili unarudi hadi mguu wa katikati wa transista ya kwanza. Mguu wa kutolea umeme wa transista hiyo unaingia katika mguu wa katikati wa transista ya pili, na mguu wa kutolea wa hiyo ya pili unakwenda hasi. Miguu miwili iliyobaki, mmoja wa kila transista, inaunganishwa pamoja na kwenda upande wa hasi wa king'ora. Upande wa chanya wa king'ora unakwenda chanya ya betri.

Maji yakiwa chini, nyaya hazigusani na king'ora kimenyamaza. Maji yakipanda na kuzigusa zote mbili, umeme mdogo sana hupenya katika maji. Transista ya kwanza huukuza, ya pili huukuza tena, na king'ora hulia. Kabla ya kupanda juu ya tangi, jaribu mezani: shika ncha mbili za nyaya kwa vidole vilivyolowa. Kikilia, kazi yako ni nzuri. Volti 6 za betri za tochi hazitakudhuru.

Lakini sikia vyema, mzazi. Usiweke kiungo chochote cha risasi ndani ya maji ya kunywa. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto na kwa mama mjamzito. Ncha zinazoingia majini ziwe skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu, na viungo vyote vibaki nje ya tangi, vikiwa vimefunikwa.

Mambo ya hatari

Kazi hizi nne zote ni za betri, na si kwa bahati. Umeme wa ukutani nchini Kenya ni volti 240, nao unaua. Mwanafunzi wa kulehemu asifungue televisheni, chaja ya simu wala kifaa chochote cha ukutani, hata kikiwa kimechomolewa, kwa maana baadhi ya vipande huhifadhi umeme kwa muda mrefu. Hivyo mwachie fundi aliyesomea. Betri za simu na za taa za sola zisiguswe kwa chuma cha moto. Zinaweza kulipuka na kuwaka.

Ncha ya chuma hufika nyuzi 300 na zaidi. Kirudishe kwenye kigari chake kila mara, na waya wake usining'inie pale mtoto anapotambaa. Fanya kazi karibu na dirisha lililo wazi, usiinamie moshi. Usile mezani, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na siagi si tiba.

Wasomaji waliopitia mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, wanakumbuka masomo ya ufundi yaliyowafanya wabebe mbao na uzi shuleni. Watoto wa leo katika sekondari msingi, iliyoanza na gredi ya saba mnamo 2023, nao wana somo la kuwaandaa kwa ufundi. Hata Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mnamo 2016, kilichipuka kutoka chuo cha ufundi. Lakini shule haiwezi kumpa kila mtoto chuma chake na alasiri yake. Hiyo ni kazi ya nyumbani.

Na faida yake haiishii kwenye redio moja. Mtoto aliyewahi kuufufua mwanga kwa mikono yake haogopi tena kifaa kilichofungwa kwa skrubu. Huuliza: kimevunjika wapi? Hilo ni swali tofauti kabisa na lile la kuuliza kipya ni bei gani. Wazee wa Iveti waliiuliza ardhi swali hilo hilo, wakaijibu kwa jembe. Wahenga nao walituonya kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo Jumamosi ikiwa huru, panda gari la Machakos. Vaa viatu vya kutembea, acha nafasi ya muthokoi tumboni, na ile redio iliyo chini ya kitanda uitie kwenye kikapu. Huenda ikarudi ikiimba. Isiporudi ikiimba, utakuwa umepata vipande vya kutosha kwa kazi yako ya kwanza. Safari njema.